Mtangazeni kwa jina lake

Ndugu Mhariri,

Kwenye hafla za taarabu hapa Unguja kuna mtindo unaotukera sisi tunaofundisha kuimba. Msichana akiwa ametoka katika ukoo wa waimbaji wanawake, mshereheshaji humtangaza kwa jina la bibi yake. Lake huja mwisho, au lisije kabisa. Mwenye haya huganda papo hapo. Nyuma ya kumbi wanaanza kusema damu imeishia njiani.

Mabinti hawa hupewa santuri za zamani waige, na makoo huanza kuharibika hapo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu anayekadiriwa kuzaliwa Fumba mwaka 1880, alirekodi Bombay mwaka 1928. Basi mnampimia msichana wa miaka 19 sauti ya mtu mzima wa miaka 48 hivi! Tena santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ikinakiliwa kwa mizunguko 82, sauti hupanda karibu nusu toni. Binti anajikakamua kufikia mahali ambapo pengine Siti mwenyewe hakufika.

Mwacheni aketi, aimbe ubeti mmoja bila ala. Sauti yake inapotua pasipo kukaza shingo, hapo ndipo udi upatafute, fidla zifuate. Mpiga kanuni atanuna, maana ana nyuzi zaidi ya 70 za kurekebisha. Anune tu.

Miezi mitatu ya mwanzo akae na waitikiaji, safu ya nyuma. Akianza kuongoza, apewe ubeti wa pili au wa tatu, kibwagizo kikiwa kimeshapita na macho ya watu yameshatulia. Ubeti wa kwanza ndio unaowaangusha: pumzi ni fupi, mshororo unakatika kabla ya kina.

Jambo jingine ni tunzo. Watu wakimjia na noti za fedha mkononi, wengine wakimbandika usoni, anapoteza maneno. Wekeni kapu mbele ya jukwaa, na waitikiaji warudie kibwagizo mpaka ampungie mkono mpiga ngoma kwamba yuko tayari.

Siti alipokejeliwa kwa sura na asili yake alijibu kwa wimbo, akasema si hoja uzuri wala ukubwa wa jadi. Washereheshaji wetu wanaujua wimbo huo wote. Basi kwenye kadi ya hafla ijayo waandike jina la binti, bila "mjukuu wa".

Walimu wa taarabu,
Unguja