Madarasa ya Toro yafungwe kwa nondo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu madarasa mapya karibu na Fort Portal, hapa Toro magharibi mwa Uganda, ilisifu rangi na mabati, ila haikugusa ardhi iliyo chini yake. Bonde la Ufa la Magharibi linapanuka milimita chache kila mwaka, kwa kuwa mabamba ya gamba la dunia yanaachana. Mwendo huohuo ndio uliolididimiza bonde la Ziwa Albert na kuinua Rwenzori hadi mita 5,109 (mlima huo si wa volkano, ingawa wengi hudhani hivyo).

Mwendo huo pia huleta matetemeko, na wazee wetu hawajasahau lile la Machi 1966. Kuta za matofali matupu ndizo huanguka kwanza. Wakaguzi wa wilaya wasipitishe darasa lisilo na mkanda wa zege na nondo juu ya madirisha.

Msomaji, Fort Portal