Da Mwantumu, mwambie mjomba sijabadili dini

Da Mwantumu shikamoo,

Habari za hapo Tanga, miguu ya mama inaendeleaje? Mimi mzima huku Varanasi, India, baridi imeisha na joto ndo linaanza, mengine usiniulize. Meseji ya mjomba kwenye grupu nimeiona. Nimeisoma mara tatu, ya tatu nikacheka kwa hasira. Eti "mtoto wenu kashaingia kwa Mabaniani anaabudu masanamu", halafu hata nusu saa haijapita mtu huyohuyo anauliza hela ya bati imefikia wapi. Baniani mbaya kiatu chake dawa, sio?

Ile picha yangu ya kwenye grupu ni ya harusi ya binti wa mwenye nyumba wangu. Bibi yake kapita na kisahani, kina unga mwekundu na punje za mchele, kila mgeni anapakwa tika kwenye paji la uso, na mimi nikapakwa. Ulitaka nimshike mkono bibi wa watu? Nikala wali na mboga (nyama hakuna, nyumba nzima hawali hata yai), nikarudi chumbani nikanawa nikaswali isha. Ndo ukafiri wangu wote huo.

Na mjomba kwanza ajue Mhindi na Mhindu ni vitu viwili. Yule mzee wa duka la vitambaa barabara ya nane alikuwa Mhindi na alikuwa akiswali saffu moja na baba. Hapa Varanasi wafumaji wa zile sari za hariri wengi wao Waislamu, Ijumaa najibanza nao msikitini. Hilo neno Hindu lenyewe limetokana na mto, Sindhu, ambao sasa uko zaidi Pakistani, Waajemi walikuwa wakitamka H pale penye S, basi jina likabaki. Wenyewe dini yao wanaiita sanatana dharma, njia ya milele. Haina nabii mmoja aliyeianzisha wala mwaka wa kusema hapa ndo ilianza. Veda zao, yaani maandiko yao matakatifu, za kale kabisa zina miaka zaidi ya 3,000, na kwa karne nyingi hazikuandikwa, zilikuwa zinahifadhiwa kichwani tu, mwalimu anasoma mtoto anafuatisha, kama sisi chuoni kwa maalim Bakari ila bila bakora, au labda na bakora pia.

Nilimuuliza mwenye nyumba, mzee, nyie miungu mingapi? Akasema wapo watakaokwambia milioni 330 na wapo watakaokwambia mmoja, na wote wamesema kweli. Kwamba kuna Brahman, hana umbo, na Shiva na Vishnu na Durga ni kama milango ya nyumba moja. Na ndani ya kila mtu kuna atman, nafsi isiyokufa, inavua mwili huu inavaa mwingine, na utazaliwa vipi inategemea karma, yaani matendo yako. Wanachotaka mwisho wa yote ni kutoka kwenye huo mzunguko, wanaita moksha. Ndo maana wazee wanakuja kufia hapa, wanaamini ukifia Varanasi, kando ya mto Ganga, umetoka.

Mi siamini hayo da. Ila siku uliponipigia kuhusu baba, sikuwa na nauli na ruhusa ya chuo ilikuwa haijatoka, nilitembea tu mpaka Manikarnika, pale wanapochoma maiti usiku na mchana. Kuna mizani mikubwa ya kupimia kuni, watu wanalipia kwa kilo, aina ya mti kwa bei yake. Nikamuona kijana kama mimi, kanyolewa upara, kavaa shuka nyeupe, ndo mtoto wa kwanza wa kiume, ndo anayewasha. Moto ulipoisha akarusha chungu cha maji nyuma kupitia begani akaondoka. Haruhusiwi kugeuka. Nilikaa pale mpaka alfajiri. Mjomba aliposema "mtoto wa kwanza wa kiume hakuja kuzika" hakukosea, hilo sitalibishia.

Lakini nilitaka kukwambia habari za Sarnath. Ni kama kilomita 10 tu kutoka kwangu, naenda na bajaji, dereva akiniongopea bei namjibu kwa Kihindi anashtuka. Ndo pale Buddha alipohubiri mara ya kwanza, kwa watu watano tu. Alikuwa mtoto wa jamaa wakubwa, Siddhartha, anatoka Lumbini ambayo sasa ni Nepali, akaacha mke na mtoto akiwa na miaka 29 (hapo nilimkasirikia), akapata mwanga chini ya mti huko Bodh Gaya akiwa na 35. Alisema maisha yana dukkha, hayatoshelezi, na kinacholeta ni kiu, ile kutaka na kutaka tena, kiu ikizimwa dukkha inaisha, na njia ya kuizima ipo. Veda akaziweka pembeni, na hiyo atman akasema hakuna, hakuna kitu ndani yako kisichobadilika. Sasa mwenye nyumba ananiambia Buddha ni wetu, ni Vishnu alikuja kwa mara ya tisa! Mtawa mmoja wa Sri Lanka nilimwambia hivyo, akatabasamu tu, hakujibu. Na cha ajabu dini imezaliwa huku na leo Wabuddha India hawafiki hata mmoja kwa mia.

Mwisho, Kihindi nimeongoza darasa, Mkorea wa pili. Cheti nimekipiga picha, kibandike kwenye grupu juu ya ile ya tika. Laki mbili nimetuma jana, ni za bati la mama, zisipitie kwa mjomba. Hapa nao laki wanasema lakh, kumbe neno letu tumelitoa kwao.

Nitumie picha ya kaburi la baba. Sio ile ya mbali yenye watu wengi, sogea karibu.

Mdogo wako,
Shaabani