Barua ya wazi kwa MCA wetu, mwakilishi wa wadi: sheria ya akina mama wa jikoni iko wapi?

Mheshimiwa,

Salamu, na pole kwa majukumu. Najua una shughuli nyingi, maana kila nikija ofisini kwako naambiwa umetoka kwa shughuli. Ndiyo sababu leo nakuandikia hadharani.

Wiki jana maafisa wa ukaguzi waliingia kwenye ploti yetu hapa Eastlands, Nairobi, asubuhi na mapema, wakati nafunga oda ya chama fulani. Walibeba hotpoti za chapati, trei ya keki na mtungi wangu wa gesi. Chapati naelewa, huenda walidhani ni hatari kwa umma. Mtungi wa gesi una ugonjwa gani? Niliwaonyesha cheti changu cha kupimwa afya, kile tunachofanyia upya kila miezi sita, na hakijaisha muda. Nikajibiwa cheti hicho ni cha mtu, wao wanataka leseni ya mahali. Mahali penyewe ni nyumba ya kupanga, na landilodi akisikia neno leseni atapandisha kodi kesho.

Hakuna aliyeniuliza maji ya kukandia nayatoa wapi. Hakuna aliyeuliza mafuta ya samosa nayarudia mara ngapi, wala karanga nanunua kwa nani. Mimi sikatai ukaguzi, Mheshimiwa. Mwaka wa 2004 zaidi ya watu 100 walikufa huku Ukambani na maeneo ya karibu kwa mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, kwa hivyo najua chakula kinaua. Lakini mkaguzi asiyefungua hata pipa la unga amekagua nini?

Nikauliza nimevunja sheria gani. Nikatajiwa Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Nimekwenda nikaisoma. Ilianza kutumika 1921, wakati wa mkoloni, na inakataza mtu kuishi au kulala katika jiko au chumba ambamo chakula cha kuuza kinatayarishwa au kuwekwa. Si kipengele kibaya, hata mimi sitaki mandazi yaliyolala na mtu. Ila mwenye kuiandika hakuwahi kuona mtaa kama Pipeline. Jirani yangu wa chini anakaanga krispi za viazi na analea watoto wake katika chumba kimoja; pazia ndilo linalotenga jiko na kitanda. Huyo sheria imeshamhukumu kabla hajawasha moto. Mimi nina jiko lenye mlango, na silali humo. Je, nimo au simo? Nimeuliza, na jibu nililopewa ni kwamba nitafute duka. Kwa pesa ya nani? Mume wangu kazi iliisha tangu mwaka juzi, karo ya kifungua mimba inatoka kwenye chapati hizo hizo, na sasa hata hotpoti sina. Jana nimepikia jiko la makaa na kifua kinanibana mpaka sasa.

Wengine hapa wanasema ni wenye hoteli waliolalamika kwamba tunawaharibia soko. Wengine wanasema ni pesa zinatafutwa kabla mwaka wa fedha haujafungwa mwezi wa Juni. Mimi naona ni yote mawili, pamoja na uvivu kidogo.

Tafadhali usinijibu kwamba hilo ni jambo la Serikali Kuu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula ni kazi ya kaunti. Na wewe unaketi katika bunge la kaunti. Unaketi, tunakuona kwenye picha.

Binamu yangu anaishi California. Kule wana sheria ya vyakula vya nyumbani iliyoanza kutumika Januari 2013. Kuna orodha ya vitu visivyohitaji friji, kama mikate, keki na jemu. Unajiandikisha, unabandika lebo inayosema wazi kwamba kimetengenezwa katika jiko la nyumbani, na mauzo ya mwaka yana kikomo. Samosa zangu za nyama hazingeingia kwenye orodha hiyo, na sina ugomvi. Chakula moto wakakitungia sheria yake 2018, kisha kila kaunti ikaachiwa iamue kukikubali au la. Kaunti, Mheshimiwa. Sisemi tuige kila kitu, hapa hatuna hata maji ya mfereji kila siku. Nasema wao walikaa chini wakaandika.

Wewe pia uliahidi kuandika. Mwaka wa 2022, ukiomba kura pale uwanjani, ulisema akina mama wanaopika nyumbani watapata sheria yao katika mwaka wako wa kwanza. Tulipiga vigelegele. Wiki hiyo hiyo vijana wako waliagiza kwangu chapati za maajenti wa siku ya kura, na hakuna aliyeuliza leseni. Mlisema ni laini. Salio la oda ile bado halijafika, lakini hilo tuliache.

Ninachoomba ni mswada. Useme chakula gani kinaruhusiwa kupikwa nyumbani na kipi hakiruhusiwi, uweke ada ambayo mtu wa chapati anaweza kulipa, na mkaguzi aje mchana, ajitambulishe, aangalie jiko. Na yule wa chumba kimoja afikiriwe, pengine jiko la pamoja pale sokoni, sijui, nyinyi ndio mnaolipwa kufikiria. Hata ukiwa wa kurasa mbili tutaupokea. Mswada tu. Nitajie tarehe utakayoupeleka, nami nitakuja kuketi pale juu kwenye viti vya wananchi nikuone ukisimama.

Na mtungi wa gesi urudishwe.

Wako mpiga kura,
Mama Chapati, ghorofa ya tatu