Asilimia ya nini, na mkononi mwa nani?

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Kila yanapotajwa manufaa ya utalii wa wanyamapori kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi, tunatupiwa asilimia. Asilimia ya nini?

Uganda huwapa majirani wa hifadhi asilimia 20, lakini ni ya kiingilio cha getini. Kwenye kibali cha kuwaona sokwe wa milimani, ambako ndiko kwenye fedha yenyewe, jamii hutengewa dola chache tu. Rwanda ilianza na asilimia 5 mwaka 2005, ikafika 10 mwaka 2017, na hiyo ni ya mapato ya utalii wa hifadhi zake. Mwaka huohuo kibali cha sokwe kilipanda kutoka dola 750 hadi 1,500. Kumi ya huku yaweza kuizidi ishirini ya kule.

Halafu fedha hizo hujenga darasa, zahanati, tangi la maji. Sipingi. Ila tembo hali shamba la kijiji, anakula shamba la mtu. Mtu huyo amekesha juu ya dungu akigonga debe, mahindi yakiwa yamebakiza wiki mbili kuvunwa, na asubuhi anakuta mabua yamelala na nyayo kubwa kama sinia. Darasa jipya halimlishi hadi msimu ujao. Tanzania kuna malipo yanayoitwa kifuta jasho, na aliyeyapa jina hilo alikuwa mkweli: si fidia.

Ninaloliona lina mwelekeo ni la Namibia. Sheria ya 1996 iliwawezesha wanajamii kuunda hifadhi zao, wakaingia mkataba na wenye loji wao wenyewe na kupokea fedha bila kupitia wizarani. Pembezoni mwa Maasai Mara nako wenye ardhi huikodisha kwa kampuni za utalii na kulipwa kila mmoja chake. Hapo napo pana kasoro: mjane au kijana asiye na hati mara nyingi huambulia patupu, ingawa fisi hawaulizi hati wanapoingia zizini.

Basi kila hifadhi ibandike kwenye mbao za matangazo za vijiji jirani, kila mwaka, karatasi moja: kilichoingia, kilichokatwa, na kaya zilizolipwa kwa mazao au mifugo iliyopotea.

Msomaji wako