Barua kwa mwanangu: nani anakaa juu, na hilo sikio lako

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu zako zimefika na picha tumeziona. Mama yako ameitembeza simu mtaa mzima kuonyesha ile uliyosimama Broad Street, hapo Birmingham, kwenye daraja walilolipa jina la bendi ya Black Sabbath, maua ya watu waliokuja kumlilia mwimbaji wao Ozzy yamejaa mpaka kwenye benchi. Umependeza, ingawa koti lile ni jepesi. Mimi lakini nimekwama kwenye ujumbe wako wa sauti. Umesema ulitoka kwenye muziki Jumamosi usiku, na Jumatatu asubuhi sikio la kushoto lilikuwa bado linalia nziii. Halafu ukacheka. Sijui unacheka nini.

Umetaka nikuamulie ubishi wako na wenzako wa nyumba: kati ya bendi za roki za Uingereza, Black Sabbath, Led Zeppelin na Deep Purple, nani anakaa juu. Nitaamua, maana nimewasikiliza hao kabla hujazaliwa. Habari za kanda za baba yako mkubwa na treni ya TAZARA unazijua, sizirudii. Ila kwanza nijibu: ukumbini ulisimama wapi? Usiniambie mbele ya spika.

Najua wewe ni wa Zeppelin. Una hoja. Kwa ngoma hakuna wa kuwafikia. Mpiga ngoma wao John Bonham alikuwa mtu wa Redditch, si mbali na hapo ulipo, na mwimbaji wao Robert Plant alizaliwa West Bromwich, kwa hiyo ukiwachagua hutakuwa umewasaliti wenyeji wako. Waliporekodi "When the Levee Breaks" kwenye jumba la Headley Grange, walimweka Bonham na ngoma zake chini ya ngazi, vipaza sauti wakavining'iniza ghorofani, ukatoka ule mdundo ambao mpaka leo mafundi wa studio wanautafuta. Lakini wimbo wenyewe ni wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, wa mwaka 1929, kuhusu mafuriko ya Mississippi ya 1927. Pale angalau jina la yule mama waliliandika. Willie Dixon, mtunzi wa bluzi, ilibidi aende mahakamani mwaka 1985 kwa ajili ya "Whole Lotta Love" ndipo wakamalizana naye. Mtu mwenye kipawa kile anachukuaje kazi ya mzee wa watu bila kumtaja? Hilo linanipunguzia mapenzi. Nawaheshimu kwa jambo moja: Bonham alipofariki Septemba 1980 walivunja bendi, hawakutafuta wa kumziba. Sabbath wangu hawakuwa hivyo. Walimfukuza Ozzy mwaka 1979, akaja Dio kuimba, na baadaye hata Ian Gillan, mwimbaji wa Deep Purple, akapita pale. Nalijua hilo, usihangaike kunitumia.

Deep Purple ninawaweka wa tatu, na kinanda cha Jon Lord kinaniuma kuwaweka hapo. Alikuwa anakipitisha kwenye amplifaya za gitaa mpaka kinanguruma. Lakini sikiliza hili. Mwaka 1972 walipiga Rainbow Theatre, London, sauti ikapimwa desibeli 117, wakaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa bendi yenye kelele kuliko zote duniani, na watazamaji watatu walizirai. Watu wanaisimulia habari hii kwa kujivunia. Mimi nawafikiria wale watatu, na wote waliobaki wamesimama.

Wewe ndiye mhandisi, piga hesabu mwenyewe. Desibeli 85 mtu anavumilia saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Zikifika 100 umebakiwa na robo saa. Muziki wako wa Jumamosi ulichukua muda gani? Vijinywele vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Hakuna dawa yake, huko wala huku. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, mwaka 2016 madaktari walimwambia aache ziara mara moja, la sivyo atakuwa kiziwi kabisa, na yule ana pesa za kumwona daktari yeyote amtakaye.

Sasa hukumu. Black Sabbath. Mama yako hawapendi kwa ajili ya jina na ile misalaba ya shingoni, nimemwambia mara ngapi kwamba baba yake Ozzy ndiye aliyewatengenezea, mzee fundi wa zamu za usiku, amekata alumini na kuwapa vijana. Hajali. Mimi ninawapenda kwa sababu ya kiwanda. Mpiga gitaa wao Tony Iommi alikuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kwenye kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye anapiga kwa kushoto, kwa hiyo mkono huo ndio wa kubonyeza nyuzi. Wakamwambia basi, gitaa limekwisha. Msimamizi wake akamletea sahani ya Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye vidole vyake viwili viliharibika kwa moto, asikilize. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole, juu akabandika ngozi. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta nyembamba, na baadaye akazilegeza zisimsumbue, sauti ikashuka chini, ikawa nzito. Huo uzito ambao dunia nzima inauiga ulianza kwa kijana kutafuta namna ya kubonyeza uzi bila kulia. Santuri yao ya kwanza, iliyotoka Februari 1970, karibu yote waliirekodi kwa siku moja. Sijui unataka nini zaidi.

Hata Ozzy. Mama yake alifanya kazi Lucas, walikotengeneza vifaa vya magari, na yeye akaingia hapo kupima honi. Kutwa honi! Halafu usiku amplifaya. Usifuate huo mfano.

Mimi nimekaa kwenye mashine za kufuma, unajua. Tulikuwa tunasomana midomo ukumbi mzima. Pamba ilijaa mpaka kwenye nywele, na hakuna aliyetupa hata kipande cha kuziba masikio, na aliyeziba alichekwa. Ile siku uliyokariri shairi mbele ya wazazi shuleni, ukaninunia wiki nzima kwa kuwa nilipiga makofi katikati, basi. Nilidhani umemaliza. Simu nikimpa mama yako haraka si kwamba sitaki maneno yako.

Nunua vizibo vya masikio. Si vile vya povu tu, wapo wanaouza vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti bila kuifanya kama mtu anaimba ndani ya pipa. Ukikosa, hata vya povu. Vitie kabla muziki haujaanza, na simama mbali na spika. Hilo sikio likiendelea kulia nenda ukapimwe, na wewe ni mwanafunzi, uliza chuoni utaratibu wake. Usiniambie utaenda mitihani ikiisha. Nakujua kwa kuahirisha, jino lile ulikaa nalo mpaka shavu likavimba.

Najivunia kwamba umefika huko kwa akili yako, na kwamba unaubishania muziki kwa hoja, hukurithi hiyo kwa mama yako. Ukiwabishia wenzako wakumbushe pia kwamba kulikuwa na bendi ya WITCH ya Zambia. Mwimbaji wao Jagari baadaye alikwenda kuchimba vito, na uzeeni ameitwa tena jukwaani Ulaya. Wakipita huko nenda ukawaone kwa niaba yangu. Na vizibo.

Hapa tunaendelea. Banda la uani limeezekwa upya, mpangaji amelipa miezi mitatu, nimeziweka kwenye ada ya Shabani. Yeye amelishusha gitaa lako kabatini bila kuuliza, ameshakata uzi mwembamba, na anavaa hedifoni mpaka usingizini, nimemnyang'anya. Anataka nyuzi seti mbili, namba tisa. Ukipata mtu anayekuja Dar mpe, na umtilie vizibo viwili viwili, vya kwake na vya kwangu pia. Chokoleti usitume tena, zilifika zimeyeyuka zikachafua kanzu ya aliyezibeba, na mpaka leo akiniona msikitini ananikumbusha.

Baba yako