Barua kwa ndugu aliyeuliza ameitwa kufanya nini

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unasema miaka miwili imepita tangu umalize chuo, na yote umeimaliza nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi la mjomba. Umeomba mpaka maneno yamekuishia, na swali linalokunyima usingizi ni hili: Mungu aliniumba nije kufanya nini? Halafu kule chini kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo, ukagusia yule mtumishi aliyekuambia upande mbegu ya laki tatu ili mlango wako ufunguke. Nitaanza na hilo la chini, maana lina haraka.

Usiitoe hiyo fedha. Soma 2 Wafalme 5 leo kabla hujalala. Naamani alipopona ukoma alimletea nabii Elisha zawadi, Elisha akakataa katakata. Gehazi, mtumishi wake, akamkimbilia Naamani njiani, akasema uongo na kupokea talanta mbili za fedha pamoja na nguo. Ukoma wa Naamani ukamwandama Gehazi. Kisha fungua Matendo 8, umwone Simoni aliyekuwa mchawi akitaka kumpa Petro fedha ili apewe uwezo wa Roho, na jinsi Petro alivyomkemea. Sisemi usitoe sadaka. Toa kanisani kwako, mpe jirani aliyelala njaa. Lakini jibu la Mungu likishawekewa bei, hapo pana biashara, na anayeuzwa ni wewe mwenye shida.

Sasa tuje kwenye mstari ulioninukulia, Yeremia 29:11, pale Mungu anaposema anawawazia watu wake mawazo ya amani wala si ya mabaya. Naupenda, ila naomba uusome pamoja na jirani zake. Ule mstari umo ndani ya barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu, ikapelekwa Babeli kwa watu waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 K.K. Walikuwa wamevunjika moyo, na manabii waliwaambia wasifungue hata mizigo, wanarudi karibuni. Sura ya 28 inamtaja mmoja wao, Hanania, aliyetangaza mbele ya watu kwamba miaka miwili inatosha. Akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, na bila shaka wengi walimshangilia, kwa sababu miaka miwili ni habari njema. Mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania alikufa.

Barua ya Yeremia iliwaambia miaka 70. Hesabu mwenyewe: mtu aliyekuwa na miaka 30 siku ile barua ilipofika hakuwa na matumaini ya kurudi nyumbani. Wengi waliorudi baada ya ruhusa ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 538 K.K., walikuwa watoto na wajukuu. Kwa hiyo yale mawazo ya amani Mungu aliyatamka kwa watu ambao wengi wao wangezikwa ugenini. Waliambiwa wafanye nini huko? Mstari wa 5 hadi wa 7: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa, wauombee amani mji wa adui zao, kwa kuwa katika amani ya mji ule na wao wangepata amani. Kusudi lao halikusubiri safari ya kurudi. Lilianzia kwenye udongo wa Babeli, kwa jembe na mbegu za mboga.

Hili ndilo ninalotaka ulishike. Unatafuta ramani ya miaka 30, na Mungu mara nyingi hutoa posho ya siku moja. Rejea Kutoka 16. Mana, chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, iliokotwa asubuhi, pishi moja kwa kila kichwa, na jua lilipokuwa kali ikayeyuka. Aliyeweka akiba mpaka kesho yake alikuta mabuu na harufu mbaya. Siku ya sita peke yake waliokota pishi mbili, kwa ajili ya Sabato. Miaka 40 walikula hivyo. Ndiyo maana Bwana Yesu alitufundisha kusema “Utupe leo riziki yetu”. Lakini usiishie hapo, nenda mpaka Yoshua 5:12. Walipokula mazao ya nchi ya Kanaani, kesho yake mana ikakoma. Mungu aliwalisha bado, safari hii kwa kupitia shamba na mikono yao. Wanaosema kumtegemea Mungu ni kukaa ukingoja hawajafika kwenye mstari huo.

Uliniuliza uanzeje. Nunua daftari la kurasa 96, hilo tu. Amka nusu saa kabla ya watu wa nyumbani, na simu ilale chumba kingine. Asubuhi nyingi huharibikia pale: mkono unaigusa simu kutazama saa, na dakika 20 zinapotea kwenye jumbe za watu. Soma sura moja ya Marko kwa siku, zipo 16, na zaburi moja. Ukimaliza kusoma andika sentensi mbili, zisizidi. Ya kwanza: sura hii inaniambia nini juu ya Mungu? Ya pili: leo nitatii nini? Hiyo ya pili iwe kitu ambacho jioni utaweza kusema nimekifanya au sikukifanya. “Nitakuwa mtu wa upendo” haipimiki. “Nitampigia kaka niliyemnunia tangu Krismasi” inapimika. Usiku tumia dakika tano kusahihisha daftari lako: wapi nilitii, wapi nilikimbia, nani namwia radhi. Ukiruka siku moja, endelea na siku iliyofuata. Usirundike sura tatu kufidia deni, maana wengi huacha kabisa kwenye juma la pili kwa sababu ya kufidia.

Kuhusu mfungo wa siku 21 unaoutaka, nina wasiwasi na sababu uliyoandika: “mpaka anijibu”. Kufunga si kumgomea Mungu. Funga siku moja kwa juma, unywe maji, na ule muda wa chakula uutumie kuomba. Na kwa vile una vidonda vya tumbo, mwulize daktari kwanza. Unaweza kujinyima kitu kingine, mpira wa jioni kwa mfano.

Sasa duka. Nimeona jinsi ulivyoliandikia, kama gereza. Lakini Biblia, inapomtaja mtu aliyejazwa roho ya Mungu kwa ajili ya ustadi wa mikono, inamtaja Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao (Kutoka 31). Na Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Hebu mstari huo uupeleke dukani. Nondo ya milimita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa gramu 888 hivi kwa kila mita. Ikiwa na mita 12 kamili, ni karibu kilo 10.7. Chukua mizani, pima tatu au nne za shehena iliyopo. Ukikuta kilo 9, mteja wako anauziwa chuma pungufu kwa zaidi ya asilimia 15, na ni chuma hicho kitakachokaa kwenye lenta juu ya vichwa vya watoto wake. Tazama na saruji. Mifuko iliyolazwa juu ya sakafu tupu, ikigusa ukuta, huvuta unyevu. Ikikaa miezi mitatu hivyo huanza kushika mabonge na nguvu yake kushuka. Iinue juu ya mbao, iache nafasi ukutani, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Mtu anayejenga chumba kimoja kwa akiba ya miaka sita akiingia dukani mwako, amani ya mji wake imo mikononi mwako. Sijui mahali pengine pa kuanzia kutafuta wito palipo karibu zaidi.

Je, ndiyo kusema utauza misumari maisha yako yote? Sisemi hivyo. Soma Matendo 16:6-10 polepole. Paulo alitaka kuhubiri katika jimbo la Asia, Roho akamkataza. Akajaribu Bithinia, akazuiwa tena. Hakurudi nyumbani kulia, aliteremka mpaka Troa, na maono ya mtu wa Makedonia aliyemwita yakamkuta huko, akiwa tayari safarini. Tena angalia neno dogo: aliyeona ni mmoja, waliopata hakika ni “sisi”. Walilipima pamoja. Kisha walipovuka, huko Filipi Paulo na Sila walipigwa fimbo na kutiwa gerezani. Kwa hiyo usiusome ugumu kama alama kwamba umekosea njia, wala wepesi kama alama kwamba umepatia. Endelea kuomba kazi ya taaluma yako. Tuma maombi mawili kila juma, na yakikataliwa uandike kwenye daftari, bila kujihukumu.

Watu wa kupima nao uwachague vizuri. Watatu wanatosha: mmoja aliyekuzidi umri kwenye imani, mmoja anayekuona ukiwa kazini, mmoja asiyekuogopa. Waulize wamekuona ukiwasaidia watu kwa lipi, na ni kosa gani unalirudia. Usiwaeleze kwanza unachotaka kusikia. Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka kutoka Gahini, Rwanda, na Kampala miaka ya 1930, waliita jambo hili kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Walikutana, wakasema dhambi zao kwa majina yake, wakaombeana, wakaenda kurudisha walivyoiba. Kusema “nimepungukiwa kiroho” hakumgharimu mtu kitu. Kusema “nimemdanganya mjomba kwenye hesabu za Jumamosi” kunafungua mlango, na nimetaja hapa ninachokishuku kwako kwa sababu nakupenda.

Jambo la mwisho, na usilifiche. Umeandika hulali, huli vizuri, na umechoka kuishi. Kama hali hiyo imefika majuma mawili, nenda hospitali juma hili, uwaambie hivyohivyo, na umwambie mchungaji pia. Lile wazo la kutokuwapo likija usiku, mwamshe mtu nyumbani, usisubiri kukuche. Nabii Elia naye aliomba afe, chini ya mti wa mretemu, 1 Wafalme 19. Mungu hakumpa hotuba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Utume mpya ulikuja baadaye, kule Horebu, na ndipo alipojulishwa kwamba wako wengine 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti. Kula, lala, tibiwa. Huko nako ni kumtegemea Mungu.

Kuhusu nondo, mwone mjomba kwanza, faraghani, ukiwa na namba ulizopima, kabla hujamwambia mteja yeyote. Mweleze kwa heshima na umwombe mbadilishe mwuzaji wa jumla. Kama atakasirika, niandikie. Nitaanza Marko 1 Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, sura hiyohiyo utakayokuwa ukisoma wewe, na jina lako litakuwa la kwanza kwenye maombi yangu. Ukifika sura ya 4 niambie sentensi yako ya pili ilikuwa ipi.

Nisalimie mama, na mjomba pia.

Ndugu yako katika Kristo