Kuhusu karanga katika safari yetu ya Jumamosi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Jumamosi tutakapovuka na kivuko kwenda Kigamboni, tutakuwa na mtoto mwenye mzio mkali wa karanga. Najua wapo watakaosema ni kudekezwa. Sivyo, kwani masalia kidogo tu kwenye kijiko yanaweza kumvimbisha koo na kumbana pumzi ndani ya dakika chache. Naomba basi kashata, karanga za kukaanga na mboga zilizoungwa kwa karanga zibaki nyumbani, hata kama zimefungwa vizuri. Atakayekuwa amekula karanga asubuhi anawe kwa maji na sabuni, kwa kuwa kitakasa mikono huua vijidudu lakini hakiondoi masalia ya karanga. Mihogo ya ufukweni tutauliza kwanza karai lake limetumika kukaangia nini kingine.

Mama yake atabeba sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ambayo huchomwa pajani, upande wa nje. Ikitumika, mtoto alazwe chini palepale, au akae iwapo anapumua kwa shida, ila asitembezwe, nasi tutaelekea hospitali mara moja hata akionekana amepata nafuu.

Mwenye swali anipigie kabla ya Ijumaa jioni.